Nitakimbiaje milima bila kuwanyima watoto Jumamosi yao?

MamaWawili (Soweto, Moshi) ameuliza:

Habari zenu wapendwa. Ninaomba ushauri, hasa kutoka kwa wakimbiaji wenye watoto wadogo wanaoishi huku kwetu chini ya mlima.

Nimekusudia kukimbia kilomita 21.1 katika Kilimanjaro Marathon ijayo, mwishoni mwa Februari. Wanaoifahamu njia ya nusu marathoni wanajua kwamba kazi yake kubwa ni kupanda kuelekea Mweka, kisha mtu hugeuka na kuteremka kurudi Chuo Kikuu cha Ushirika. Tambarare hainisumbui. Siku za kazi ninaamka mapema, ninakimbia mitaa ya karibu na nyumbani, na ninahakikisha nimesharudi kabla gari la shule halijapiga honi saa kumi na mbili na dakika arobaini. Lakini mitaa hiyo haina mwinuko wa maana, na wenye maana uko mbali kiasi kwamba siwezi kwenda na kurudi kabla ya shule na kazi. Imebaki Jumamosi.

Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo baba watoto hayuko kazini, kwa kuwa Jumapili ni ya ibada na wageni, na kwa miaka yote tumeifanya kuwa siku ya kutoka pamoja. Tunakwenda Materuni kutazama maporomoko, au Chemka kuogelea, au Marangu kumsalimia bibi yao mzaa baba. Mkubwa ana miaka tisa na mdogo ana mitano, na huyu mdogo ameanza kuniuliza kila Ijumaa jioni kama kesho nitakwenda nao au nitakwenda kukimbia. Sitaki awe na sababu ya kuuliza hivyo, na wakati huohuo sitaki kufika kwenye mwinuko wa Mweka nikiwa nimeufanyia mazoezi kwa mawazo tu.

Ninaomba kujua mambo matatu. Je, mtu wa kiwango changu anahitaji kukimbia mlima mara ngapi kwa wiki? Je, kutembea Materuni na watoto kunahesabika kuwa mazoezi? Na kubwa kuliko yote, wenzangu mnapangaje siku ili mlima na familia visigombanie saa zilezile?

Mkimbiaji_wa_Uru amejibu:

Dada MamaWawili, pole kwa majukumu na hongera kwa nia hiyo. Nitaanza na swali lako la tatu, kwa sababu likitatuliwa hayo mengine yanakuwa mepesi.

Tazama safari ulizozitaja. Ukiiondoa Chemka, zote zinapanda. Mji wetu wenyewe umelala kwenye mteremko, na kila barabara inayoelekea mlimani, iwe ya Kibosho, ya Mweka, ya Uru au ya Marangu, inapandisha hadi msituni. Maana yake ni kwamba mlima unaoutafuta uko njiani, katika barabara ileile ambayo gari lenu linaipita kila Jumamosi watoto wakiwa wameketi nyuma. Huna haja ya kutafuta saa nyingine ya kwenda mlimani peke yako. Unachohitaji ni kufika mnakokwenda kwa miguu, katika kilomita chache za mwisho.

Kwa Materuni ningefanya hivi. Kutoka mjini hadi kijijini ni kama kilomita kumi na tano kupitia Rau na Uru. Ondoka nyumbani kabla ya wenzako, panda bodaboda au gari la abiria hadi pale ambapo zimebaki kilomita nne au tano, kisha kimbia kupanda. Mwinuko wa namna hiyo utakuchukua kati ya dakika thelathini na tano na hamsini, kutegemea hali yako. Baba watoto aondoke na watoto kwa wakati wake, baada ya chai, ili gari lifike kijijini karibu sawa na wewe. Wakati wao wanalipa kiingilio cha kijiji na mdogo anavalishwa viatu, wewe unabadilisha fulana, unakunywa maji, na mnaanza pamoja ule mwendo wa kuelekea maporomoko. Ukishushwa njiani na gari la familia badala ya kutangulia, watakusubiri zaidi ya nusu saa, na kwa mtoto wa miaka mitano nusu saa ya kukaa ndani ya gari ni ndefu sana. Kwa hiyo ninasisitiza utangulie.

Marangu ni rahisi zaidi. Kutoka Marangu Mtoni hadi lango la hifadhi ni kama kilomita tano za lami, na lango liko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Wenzako wanaweza kubaki kwa bibi, au wakaenda kutazama maporomoko ya Kinukamori ambayo yako karibu na Marangu Mtoni, nawe ukapanda hadi langoni na kugeuka. Ishia langoni, maana kuingia ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro kunahitaji kibali na malipo, hata kama nia yako ni hatua mia tu chini ya miti.

Siku ya Chemka acha raba nyumbani. Kule ni tambarare na vumbi, na kuogelea na watoto kutakupumzisha miguu vizuri kuliko mazoezi yoyote ambayo ungelazimisha siku hiyo.

Sasa idadi. Mara mbili kwa wiki inakutosha: mlima mmoja mrefu wa Jumamosi, na mmoja mfupi katikati ya wiki. Huo mfupi hauhitaji kwenda mbali. Barabara inayopanda kutoka mjini kuelekea hospitali ya KCMC ina mwinuko wa wastani unaotosha kabisa. Pasha mwili joto kwa dakika kumi, kimbia kwa nguvu kupanda kwa dakika moja, rudi chini taratibu hadi pumzi itulie, kisha rudia mara tano au sita. Shughuli nzima haizidi dakika arobaini. Siku nyingine kimbia tambarare polepole kama ulivyozoea, au pumzika.

Kuhusu kutembea Materuni, ndiyo, kunahesabika kama muda wa kuwa miguuni, na njia ile ina mpando mzuri wakati wa kurudi. Lakini tembea kwa mwendo wa watoto. Ukianza kuwakokota ili upate mazoezi, umeshawaharibia siku uliyotaka kuilinda.

Neno moja juu ya ukimbiaji wenyewe. Usitazame saa ya mkononi, kwa maana mwendo wa mlimani hauwezi kulingana na wa tambarare na utajikatisha tamaa bure. Sikiliza pumzi. Huku vijijini tuna kipimo kizuri kuliko saa: ukipishana na mzee anayetoka shambani na ndizi kichwani, na ukaweza kumwamkia "shikamoo", ukasubiri "marahaba", ukamjibu habari za nyumbani bila kukatika sauti, basi mwendo wako ni sahihi kwa mlima mrefu. Ukishindwa kumaliza salamu, punguza. Hatua ziwe fupi na za haraka, kifua kiwe wazi, usijikunje kiunoni, na mikono ifanye kazi. Mahali palipo wima mno tembea kwa bidii huku umeweka mikono mapajani. Kuna kiwango cha mwinuko ambacho kukimbia kunamaliza nguvu nyingi bila kukufikisha mapema kuliko mtu anayetembea vizuri.

Baba_Njiro (Arusha) amejibu:

Ninakubaliana na mengi aliyoyasema Mkimbiaji wa Uru, lakini ninaomba kuongeza sauti ya upande wa pili, yaani ya yule anayebaki na watoto. Mke wangu ndiye mkimbiaji nyumbani kwetu, na ninamuunga mkono kwa moyo wote.

Saa ya kukimbia yenyewe haichoshi familia. Kinachochosha ni kutojua itakwisha lini. Nikiambiwa kwamba mama atakuwa amefika saa tatu, ninapanga: tunanunua mkate, tunapita kuweka mafuta, tunafika saa tatu. Ikiwa saa tatu imepita na hajatokea kwenye kona, watoto wanauliza, mimi ninaanza kuwaza mabaya, na anapofika akiwa na furaha ya mlima wake, sisi tuliomsubiri tuko katika hali nyingine kabisa. Kwa hiyo dada, taja saa ya kufika badala ya saa ya kuondoka, na uiongezee robo saa ya akiba. Ikiwa siku hiyo miguu ni mizito na umechelewa, simamisha bodaboda umalizie nayo. Kilomita moja iliyobaki haitakupunguzia chochote Februari.

Jambo la pili ambalo sikubaliani nalo ni kuitia mbio ndani ya kila safari. Sisi tumepeana zamu: Jumamosi moja ina mlima, inayofuata haina kabisa, na mama anaamka na watoto, anakula nao, na wanatoka wote kwa mlango mmoja. Mtoto wa miaka mitano hapimi dakika ulizotumia barabarani. Anachotazama ni kama mlipanda gari pamoja. Katika juma lisilo na mlima wa Jumamosi, ule mfupi wa katikati ya wiki unamshikilia mke wangu vizuri, na sijaona amerudi nyuma kwa sababu hiyo. Tena kuna uchovu wa baada ya mbio. Mama aliyepanda kilomita nyingi halafu akalala ndani ya gari njia nzima hajawa na familia, hata kama mwili wake upo kwenye kiti cha mbele.

Mahali pa kwenda nako kuna uzito wake, kwa hiyo nitataja yetu, kwa kuwa najua watu wa Moshi mnakuja huku mara kwa mara. Msitu wa Olmotonyi, upande wa Ngaramtoni, una njia pana za udongo zinazopanda na kushuka chini ya miti, na tunapenda kutandika mkeka mahali pamoja huku yeye akikimbia mizunguko mifupi inayorudi pale tulipo. Watoto wanamwona kila baada ya muda mfupi. Mkubwa humpa maji, mdogo humkimbilia hatua chache kisha anarudi kwenye mkeka. Kwa familia yenye watoto wadogo, mzunguko mfupi unaorudiwa ni bora kuliko njia ndefu ya kwenda na kurudi, na mwinuko unaoupata ukiujumlisha ni uleule. Ziwa Duluti pale Tengeru nalo lina njia ya msituni kando ya maji, inafaa kwa mbio nyepesi na kwa matembezi ya watoto, ingawa mlima wake si mkubwa.

Mkija Hifadhi ya Arusha, basi ni siku ya kutazama wanyama peke yake. Kule kuna nyati, na hata kutembea kwa miguu kunaruhusiwa tu mkiwa na askari wa wanyamapori mwenye silaha. Kumbuka vilevile kwamba jiji letu liko karibu mita 1,400, juu zaidi ya mji wenu, kwa hiyo usishangae pumzi ikikubana mapema kidogo kwenye mpando wa Ilboru kuliko ulivyozoea kwenye barabara ya KCMC.

Mtaalamu_wa_Viungo amejibu:

Ninafanya kazi ya tiba ya viungo, na kila mwaka kuanzia Januari ninapokea wakimbiaji wenye malalamiko yanayofanana, kwa hiyo nitasema juu ya jambo moja ambalo halijaguswa, nalo ni kuteremka.

Watu wanauogopa mpando, kumbe mpando unampa mkimbiaji kishindo kidogo kuliko tambarare, kwa sababu mguu unakutana na ardhi mapema kabla haujashuka sana. Mzigo wake mkubwa uko kwenye shavu la mguu na kwenye kano ya kisigino. Mwenye kano inayouma asubuhi anapoteremka kitandani apunguze milima hadi itulie, na asifanye mwinuko mkali siku mbili mfululizo.

Kuteremka ni habari nyingine. Unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki, inakaza huku ikirefushwa, na kazi ya namna hiyo huacha michubuko midogo ndani ya nyuzi za misuli. Maumivu yake hayaji siku ileile. Huanza kesho yake na huwa makali zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Kwa mama wa watoto wawili hili lina maana ya moja kwa moja: ukiteremka kwa kasi kutoka lango la Marangu Jumamosi bila kuzoea, Jumapili utashuka ngazi za kanisani kwa kushikilia ukuta, na Jumatatu mdogo akitaka abebwe utamwambia hapana.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka. Mteremko mmoja wa wastani huwapa mapaja kinga inayodumu wiki kadhaa, kiasi kwamba mteremko wa pili wa namna hiyohiyo huumiza kidogo sana. Kwa hiyo usiukwepe kabisa, maana nusu ya pili ya mbio zako ni kuteremka kutoka Mweka, na mapaja ambayo hayajawahi kushuka yatakuangusha pale hata kama ulipanda vizuri. Ongeza kidogo kidogo. Kwa kuwa familia yako ina gari, tumia faida hiyo katika wiki za mwanzo: panda kwa miguu, shuka kwa gari. Baada ya hapo anza kuteremka kilomita moja, kisha mbili, hatua zikiwa fupi na laini, magoti yamelegea kidogo, bila kuegemea nyuma. Mteremko mrefu wa mwisho uwe wiki mbili au tatu kabla ya mbio.

Na kwa siku ambazo huna muda kabisa, kuna zoezi dogo la nguvu. Tafuta mahali penye mwinuko mkali, hata kama ni urefu wa nyumba mbili tatu, ukimbie kwa nguvu zako zote kwa sekunde nane hadi kumi na mbili, urudi kwa kutembea, upumzike hadi pumzi irejee, na urudie mara chache. Mwanao wa miaka tisa anaweza kusimama juu akihesabu, na ninakuhakikishia atataka kushindana nawe. Mwache ashindane, lakini asilazimishwe, na akichoka aruhusiwe kucheza.

MamaWawili amejibu:

Ninawashukuru sana. Nimemsomea baba watoto jibu la Baba Njiro naye akatikisa kichwa kukubali pale kwenye suala la saa ya kufika, kwa hiyo hilo tumeliweka kuwa sheria ya nyumba kuanzia leo. Zamu ya Jumamosi kwa Jumamosi nayo tumeipokea.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, Desemba sisi sote tunapanda Marangu kwa sikukuu na tunakaa kwa mama mkwe hadi baada ya mwaka mpya. Mlima utakuwa mlangoni, lakini mimi ni mkwe katika nyumba ile, na asubuhi mkwe anatakiwa awe jikoni. Sijui nitaanzaje kusema kwamba ninatoka kwenda kukimbia wakati maji ya chai hayajachemka. La pili ni la usalama. Mlima wa katikati ya wiki ningeufanya alfajiri, lakini saa kumi na moja bado ni giza, na mimi ni mwanamke niliye peke yangu.

Mama_Kibosho amejibu:

Mwanangu, mimi si mkimbiaji, ila ni mama mkwe, na nyumbani kwangu huja wakwe kila Krismasi, kwa hiyo hili la kwanza niachieni nilijibu.

Mama mkwe wako hatakasirika kwa sababu umekimbia. Atakasirika akiamka akute lango liko wazi, mkwe hayupo, na hakuna aliyemwambia. Mwambie jioni ya kuamkia, mkiwa mmekaa pamoja, na umwambie wewe mwenyewe badala ya kumtuma mwanawe. Mweleze ni mbio gani, zinapita wapi, zitakuwa lini, na kwamba saa moja utakuwa umerudi. Watu wa rika langu tunazijua mbio hizo, tangu zilipoanza mwaka 2003 tunaona vijana wakipita, na wengine tunasimama barabarani kuwapa maji. Huenda akakushangaza kwa kukuuliza umefikia wapi na mazoezi kila akipiga simu.

Kabla hujatoka washa moto, teleka maji, halafu nenda. Ukirudi uoge haraka uingie kwenye kazi, iwe ni kumenya ndizi za mtori au kukata majani ya ng'ombe, bila kujinyoosha sebuleni kwanza. Vaa gauni pana au funga kanga juu ya nguo zako za mazoezi mpaka ufike barabarani, na ukiona wazee simama uwaamkie vizuri, maana kijijini mkwe anayepita mbio bila salamu hujadiliwa hadi jioni. Mchukue mmoja wa vijana wa nyumbani akusindikize. Anazijua njia, anawajua mbwa wa kila boma, na anajua ni wapi mfereji umekata barabara.

Halafu nikuambie jambo ambalo wakwe wengi hawalijui. Wajukuu wanakuja kwangu wakiwa na mama zao, na mama zao hawawaachi. Wanawavalisha wao, wanawalisha wao, na mimi ninabaki kutazama. Ile saa moja ambayo wewe uko mlimani ndiyo saa ambayo bibi anawapata wajukuu peke yake, anawaonyesha ng'ombe anavyokamuliwa, anawapa uji kwa mkono wake. Mwombe akusaidie kukaa nao. Usimwombe kama mtu anayeomba radhi, kwa sababu unampa kitu anachokitamani.

Angalizo moja tu. Desemba barabara zetu hujaa magari ya watu waliorudi nyumbani, na jioni za sikukuu wengine huendesha wakiwa wamekunywa. Kimbia asubuhi. Ikifika alasiri kaa nyumbani na watu.

Mkimbiaji_wa_Uru amejibu:

Shikamoo Mama Kibosho, na asante sana. Nimalizie suala la giza.

Dada, usifanye mlima wa alfajiri peke yako, hata kama barabara unaijua. Huku kwetu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo alfajiri yako yote ni giza. Hamisha zoezi hilo liwe jioni, saa kumi na moja hivi, siku moja tu ya wiki, wakati barabara ya KCMC ina watu na wanafunzi na bado kuna mwanga wa kutosha, na kama inawezekana tafuta mwenzako mmoja. Hapa Moshi, kuanzia Novemba wanaojiandaa kwa mbio ni wengi, na ukipita pale jioni mara chache hutakosa mwanamke mwenye ratiba kama yako. Kimbia upande wa kulia wa barabara ili magari yaje mbele ya macho yako, na uvae fulana ya rangi inayoonekana.

Novemba na Desemba kuna mvua za vuli, na njia za udongo za huku juu huteleza vibaya sana, hasa kwenye miteremko ya mabonde ya mito ambako migomba imefunika barabara na jua haliingii. Siku hizo baki kwenye lami. Barabara ya Mweka ina lami, na ndiyo ya mbio zenyewe, kwa hiyo ningekushauri kwamba Januari, katika mojawapo ya zile Jumamosi za zamu yako, uipande taratibu kutoka mjini hadi karibu na Chuo cha Wanyamapori, baba watoto akija nyuma na watoto kwa muda mliokubaliana akiwa na maji na nguo kavu, kisha msogee wote kwa gari mahali popote mtakapochagua kula. Utakuwa umeujua mpando huo kwa miguu yako, na watoto wataijua njia ambayo mama yao atapita. Januari na Februari huwa joto, kwa hiyo ondoka mapema na ubebe maji yako mwenyewe hata kama wenzako wanakuja.

Na kwa siku ya mbio yenyewe, usiwaache watoto nyumbani. Kuna mbio za kujifurahisha za kilomita 5 siku hiyohiyo, ambazo familia nyingi hukimbia au hutembea pamoja. Baba watoto awaandikishe mapema, kwa kuwa nafasi huisha. Mkubwa anaziweza kabisa, na mdogo atatembea kidogo na kubebwa mabegani palipobaki. Kubalianeni kabla mtakutana wapi uwanjani pale Ushirika, kwa sababu umati huwa mkubwa na simu wakati mwingine hazishiki, na chagueni mahali penye kivuli.